Dereva wa Njia Namba Nane Aliyeulizwa Habari Zake: Ireneusz Pławecki, 1961–2023

Ndugu, majirani, madereva wenzake na abiria wa njia namba nane, huyu tunayemzika leo kwao aliitwa Irek, na hapa Crewe, Uingereza, mkamwita Eric. Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na binti yake, Kinga, ambaye humu atatajwa kama mtu mwingine, kwa sababu akisema "mimi" hatafika mwisho.

Marehemu Ireneusz Pławecki alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Novemba 1961, mjini Nidzica, kaskazini mwa Poland. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Hieronim, fundi wa reli, na mama Stefania, mpishi wa shule. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kulalamika kabla hajafungua macho. Ulikuwa utani wa nyumbani, ila kwao kulalamika si aibu. Nidzica mtu akikuuliza habari zako unamweleza: mgongo, bei ya makaa, mkwe asiyesikia la mtu. Anayejibu "nzuri" na kunyamaza hudhaniwa ana jambo analoficha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nidzica kuanzia 1968 hadi 1976, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa magari mjini Olsztyn, alikohitimu mwaka 1979. Dada yake Wiesława anakumbuka siku moja mwalimu alipomwuliza kwa nini amechelewa. Irek alieleza habari ya baiskeli, mbwa wa jirani na daraja lililoganda barafu, mpaka kipindi cha hesabu kikaisha. Darasa zima lilimpenda kwa hilo, na mwalimu hakumwuliza tena.

Baada ya jeshi aliajiriwa kuendesha mabasi ya wilaya mwaka 1983. Tarehe 20 Juni 1987 alifunga ndoa na Lucyna Brzozowska, msichana aliyekuwa akipanda basi lake kila asubuhi kwenda kazini kwenye kiwanda cha samani. Lucyna anasema hakutongozwa, alielezwa. Kwa miezi mitano alisikiliza matatizo yote ya yule dereva, na alipoyamaliza akaona ni afadhali aolewe naye kuliko kushuka. Mwaka 1994 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Kinga.

Mwaka 2004 shirika la mabasi la kwao lilifungwa. Tarehe 12 Septemba 2005 marehemu alifika Crewe na madereva wengine wanane, akiwa na sanduku moja, mitungi sita ya matango ya kuchachusha na Kiingereza cha maneno kama mia. Wiki yake ya kwanza barabarani, mama mmoja alipanda na kikapu chake, akasema kama asemavyo kila Mwingereza, "Habari yako, dereva?" Irek alivuta breki ya mkono na kumjibu. Alimweleza mawe ya figo, bomba linalovuja katika chumba alichopanga, na mke ambaye alikuwa hajamwona kwa wiki tano. Maneno yake mia aliyatumia yote, mengine mara mbili. Abiria wengine walitazama viatu vyao. Basi liliondoka limechelewa dakika saba.

Mama huyo alikuwa Bi Enid Tomkinson, ambaye yuko nasi hapa, mbele kulia. Yeye hakutazama viatu. Alikaa kiti cha mbele na kuuliza, "Na huyo mke, anaitwa nani?"

Habari zilifika karakana kabla ya basi. Clive Bostock, dereva wa siku nyingi, alimwita mezani wakati wa chai.

"Eric, bwana, watu wakikuuliza habari yako, hawaulizi habari yako."

"Sasa wanauliza nini?"

"Hawaulizi kitu. Wanapita tu. Wewe sema 'nzuri, asante', funga mlango, kanyaga mafuta."

"Na kama si nzuri?"

"Hasa kama si nzuri."

Irek aliuona ushauri huo kuwa kichekesho kikubwa kuliko vyote alivyokutana navyo katika nchi hii, na alikuwa amekutana na vingi. Lakini ratiba ni ratiba. Akajifunza jibu hilo, na kulifanyia mazoezi kwenye kioo wakati wa kunyoa. Kwa upande mwingine, jambo moja la Waingereza alilipenda tangu siku ya kwanza: kila anayeshuka humshukuru dereva. "Watu sitini wamenishukuru kabla ya saa tatu," alimwambia Lucyna kwa simu. "Nyumbani kwetu miaka ishirini na mmoja nangoja mmoja."

Lucyna na Kinga walimfuata mwaka 2007. Kuanzia hapo nyumba yao ikawa na mgeni wa kudumu wa Jumapili, naye ni huyu huyu Clive, aliyekuwa ameachana na mkewe na kuishi kwa chipsi. Mara ya kwanza aliingia na viatu, Lucyna akavitazama mpaka akavivua, na soksi ikawa na tundu. Wiki iliyofuata alikuja na soksi mpya. Alipewa supu ya kuku na tambi, akaongezwa, akasema ameshiba, akaongezwa tena. Kila tarehe 28 Juni, sikukuu ya mtakatifu ambaye Irek alipewa jina lake, Clive alifika na chupa mkononi akiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, na kila mwaka akaambiwa si siku ya kuzaliwa, naye akaimba hadi mwisho. Mezani pale, kwa lugha yake na kwa marafiki zake, Irek aliendelea kuwa yule yule. Ulipomwuliza hali, ulivuta kiti.

Mwaka 2016, siku chache baada ya kura ile ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mwanamume mmoja alipanda basi asubuhi na kumwinamia kwenye kioo. Alisema, "Nyinyi ndio mnaotujazia foleni za hospitali. Mama yangu amengoja kubadilishwa nyonga miezi minane." Irek alimpa tiketi yake na kumwambia aangalie ngazi. Jioni aliwasimulia mkewe na bintiye neno kwa neno, kisha akasema: "Miaka kumi na moja sijakanyaga hospitali ya hapa, hata kupima presha. Na sikanyagi. Hakuna mama wa mtu atakayengoja kwa ajili yangu."

"Baba, acha ujeuri," Kinga alimwambia huku akicheka. "Kodi unalipa."

Yeye hakucheka. Kinga hakulitilia maanani, akaenda kuosha vyombo.

Januari 2022 Lucyna alirudi Nidzica kumwuguza mama yake mzazi. Kinga alikuwa ameshaolewa Leeds na alikuwa na mtoto mchanga, Tymek. Kwa hiyo maumivu ya tumbo yalipoanza, karibu na Pasaka, nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwona akijikunja. Alinunua vidonge dukani. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Abiria walimwuliza habari yake mara mia kwa siku, naye akawajibu mara mia kama alivyofundishwa. Bi Enid alikuwa na miaka themanini na minane, lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Hilo jibu umempa kila mtu," alimwambia. "Mimi nipe langu."

"Nzuri tu, mama. Asante."

Bi Enid alishuka, akamfuata Clive kituoni. "Rafiki yako anadanganya," akasema. Clive alimwuliza Irek siku hiyo hiyo, akapata jibu lile lile, akaridhika. Clive ameomba hilo lisomwe hapa. Familia ilimkatalia mara mbili, ya tatu ikakubali.

Na kama la Clive limesomwa, basi na hili lisomwe. Kinga alimpigia baba yake kila Jumapili saa kumi jioni. Zamani simu ile ilichukua nusu saa: goti, jirani, bei ya nyama, goti tena. Kufikia Septemba ilikuwa dakika tatu. "Nzuri, mwanangu. Tymek ameota jino?" Alimjibu binti yake, kwa lugha ya mama yake Stefania, kama alivyowajibu abiria. Kinga alisikia. Alikuwa na mtoto asiyelala na kazi iliyomzidi, na kwa kweli alishukuru kwamba simu zimekuwa fupi. Hilo ndilo analolibeba mpaka leo, na hakuna aliyempa pole ambaye ameweza kumtua.

Jumatatu, tarehe 21 Novemba 2022, marehemu alisimamisha basi kituoni, akavuta breki, akafungua milango na kushindwa kuinuka kitini. Clive alimpeleka hospitali, huku mgonjwa akiomba radhi njia nzima kwa kuchukua nafasi ya mtu. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, imekwisha kufika kwenye ini. Daktari alipomwuliza maumivu yalianza lini, alisema Pasaka. Daktari aliweka kalamu mezani. Lucyna alirudi kwa ndege ya kesho yake. Matibabu yalijaribiwa kabla na baada ya Krismasi, yakamchosha tu.

Jumanne, tarehe 7 Machi 2023, Clive alifika wodini akitoka zamu, tai ingali shingoni, akavuta kiti.

"Habari yako, Irek?"

"Nzuri, a…"

"Hapana. Zamu imekwisha, sina basi nje. Habari yako?"

Lucyna, aliyekuwa mlangoni, anasema hapo mumewe akaanza. Alisema kwa dakika arobaini, kwa Kiingereza ambacho sasa kilimtosha. Clive, mtu anayetazama saa hata akiwa kanisani, hakuitazama hata mara moja. Lucyna aliufunga mlango taratibu na kuwaachia.

Kesho yake Kinga alifika kutoka Leeds. Alimwosha uso, akamwuliza yuko vipi. "Nzuri, mwanangu," alisema. "Wahi treni, mtoto atalia." Kinga aliwahi treni. Marehemu alifariki dunia siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Jioni ile Clive alikuja nyumbani, akavua viatu, akasimama jikoni bila kukaa. "Mimi ndiye niliyemfundisha lile jibu," alisema. "Nisamehe, binti."

"Sikuulizi hilo, mjomba. Alikwambia nini zile dakika arobaini?"

Clive alikataa. Kinga alimshika mkono wa koti, akauliza tena.

"Alisema anaogopa," Clive akasema. "Mwaka mzima alikuwa anaogopa. Kitandani, kwenye basi, kila mahali. Nikamwuliza, mbona binti yako hujamwambia? Akasema, 'Nikimwambia Kinga itakuwa kweli.'"

Kinga hakuwahi kumwona baba yake akiogopa kitu, wala hakujua kwamba anaweza. Angempigia kila saa. Angekuja na mtoto mgongoni, angelala sakafuni kando ya kitanda chake, na asingefanya lolote zaidi ya kuwapo. Hakuombwa, na sasa hakuna wa kumwomba.

Marehemu ameacha mke, Lucyna. Binti, Kinga, na mkwe wake, Rafał. Mjukuu mmoja, Tymek, mwenye miezi kumi na sita. Dada yake, Wiesława, aliyesafiri kwa basi siku mbili kutoka Nidzica ili awe hapa. Na mama mkwe wake, ambaye bado hajaambiwa. Ameacha pia ndugu yake Clive Bostock. Neno "ndugu" limeandikwa na Lucyna kwa mkono wake, na Clive atabeba jeneza upande wa kulia, mbele, mahali pa ndugu.

Mungu ampokee Ireneusz wetu na kumpumzisha kwa amani. Na aliyeko huko, yeyote yule, amshike mkono, maana anaogopa, na sisi hatukujua.