Nani Atashika Kamba ya Grete?

Jioni hiyo benchi la nje ya kilabu cha bia, hatua chache kutoka lango la mji, lilikuwa limejaa kelele kuliko kawaida. Gerlach mchukuzi alikaa pembeni kabisa. Tangu mkewe azikwe, mtu pekee aliyezungumza naye nyumbani alikuwa farasi wake, Grete, ambaye wala si mtu. Sasa Grete alitokwa na usaha puani, mkaguzi wa mji alishamtazama, na sheria haina huruma: farasi wa kamasi, ugonjwa unaoambukiza, hanywi tena kwenye birika la wote. Anatolewa nje ya lango, akachinjwe na mchuna mizoga.

Wendel, fundi mapipa aliyeitwa Pipa kwa umbo na kwa kazi, alimgonga begani.

— Usife moyo, ndugu yangu. Sheria inamzungumzia farasi wa kuuzwa. Wewe unamuuza?

— Simuuzi.

— Basi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiyo inaingiaje hapa, Pipa? aliuliza Hinrich, waliyemwita Hakimu kwa sababu aliwahi kushtakiwa mara nyingi. — Dawa ni kanisa. Mwizi akikimbilia kanisani hakamatwi. Mwingize Grete ndani, amlalie padri mlangoni, tuone nani atamgusa.

— Atakula mishumaa, alisema Gerlach.

— Ale! Mgeni siku mbili!

Pipa akaruka kama aliyechomwa sindano.

— Ngojeni! Mtumwa aliyemtoroka bwana wake akikaa mjini mwaka na siku moja, si anakuwa huru? Grete amekaa humu miaka kumi na minne! Huyo ni raia, jamani! Raia hachinjwi bila kesi!

Walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Gerlach naye alicheka kidogo, kisha uso wake ukasinyaa, kwa kuwa zizini, nyuma ya kilabu, Grete alikuwa anakohoa.

Mchuna mizoga alifika kimya, akasimama mbali na benchi kama ilivyompasa. Anayemgusa, au kugusa kamba yake, hupoteza heshima: chama cha wenye kazi yake humfukuza, na hakuna wa kunywa naye tena.

— Ana nguvu bado, alisema, alipokwisha kumtoa Grete zizini kwa kamba. — Nikiwa peke yangu atahangaika, ataumia. Nani atanishikia kamba?

Hakimu akatazama viatu vyake. Pipa akafungua kinywa, methali ikakataa kutoka.

Gerlach akainuka.

— We Gerlach! Unajua unachofanya? aliita Hakimu.

— Hajazoea wageni, alijibu, akaishika kamba.

Walitoka langoni watatu, Grete akimpumulia shingoni njia nzima. Gerlach alimwimbia sikioni wimbo ambao mkewe alikuwa akiuimba akikanda mkate, na hakuacha mpaka kamba ilipolegea mkononi.

— Unaitwa nani? Gerlach alimwuliza mchuna baadaye.

Yule mtu akatazama huku na huku, kana kwamba analitafuta jina lenyewe.

— Veit.

— Ahsante, Veit.

Aliporudi, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyesogea kumkaribisha.

— Ulishika? aliuliza Pipa kwa sauti ndogo.

Angeweza kudanganya.

— Nilishika.

Pipa akachukua kikombe cha Gerlach, akakiweka chini mchangani, mbali na benchi. Kisha, bila kuinua macho, akakijaza bia mpaka ikamwagika.

Gerlach akakiokota, akanywa akiwa amesimama.