Sentensi Ambayo Metha Jessen Hakuifuta

Jumatano tarehe 17 Aprili 2024, Bi Metha Jessen anastaafu, baada ya miaka arobaini na moja kasoro wiki mbili ya kuwaongoza wageni katika makumbusho yetu madogo chini ya kilima cha Dybbøl, kusini mwa Denmark. Tarehe aliichagua mwenyewe. Ofisi ilipompendekezea kesho yake, siku ya kumbukumbu ya vita vya 1864, alijibu, "Kumi na nane ni siku ya waliokufa. Mimi bado nakula."

Alianza Mei 1983, akikata tiketi na kuosha vikombe. Mwaka uliofuata kiongozi wa wageni aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu, na Metha akakabidhiwa basi zima la wastaafu kutoka Kopenhagen bila kuulizwa kama anaweza. Aliweza. Alisema Kidenmark, Kijerumani, na lugha yetu ya hapa ambayo watu wa Kopenhagen hudhani ni maumivu ya koo.

Wengi mnayakumbuka mafagio yake, aliyowagawia wageni yawe bunduki. Wageni wa Denmark aliwasimamisha, wakajifanya wanashindilia baruti mdomoni mwa bunduki kama askari wetu wa 1864. Wajerumani aliwalaza kifudifudi, wakajaza bunduki zao kwa nyuma. Mdenmark akimaliza kujaza risasi moja, Mjerumani amekwisha kufyatua tatu. Watu walicheka sana. Kisha aliwauliza wale waliosimama wana watoto wa umri gani nyumbani, na kicheko kikaisha.

Hapo ndipo alipoeleza vita vilitoka wapi. Nchi mbili za hapa mpakani, Slesvig na Holsten, zilikuwa chini ya mfalme wetu, lakini Holsten ilisema Kijerumani na Slesvig ilikuwa nusu kwa nusu. Mwaka 1852 tuliyaahidi mataifa makubwa kwamba hatutaifunga Slesvig kwenye ufalme wetu. Ahadi ni deni. Novemba 1863 wakubwa wa Kopenhagen wakapitisha katiba iliyoifunga, na Februari majeshi ya Prusia na Austria yakavuka mpaka. Metha alimalizia kwa sentensi ileile kila siku: "Prusia ilikuwa inatafuta sababu, na sisi tukavunja ahadi tukaiweka sababu hiyo mkononi mwake."

Matokeo yake tunaishi nayo. Maboma ya udongo kilimani yalianguka asubuhi ya tarehe 18 Aprili, na Oktoba tukatia saini kuziacha nchi zote mbili. Watu wa hapa walikaa miaka hamsini na sita nje ya Denmark, chini ya utawala wa Kijerumani, mpaka 1920. Majuto ni mjukuu, na kwetu wajukuu wenyewe walipelekwa vitani mwaka 1914 wakiwa wamevaa sare za Kijerumani. Hata meza yetu ya kahawa imetoka huko: majumba yetu ya mikutano yalinyimwa na watawala hao ruhusa ya kuuza pombe, kwa hiyo akina mama wakaleta keki, na hawajaacha kuleta mpaka leo.

Sentensi ile nusura imfukuzishe kazi. Masika ya 1989 babu yangu, Mzee Asmus, alikuja kumsikiliza. Babu wa babu yangu alikufa katika Boma la Nne, na nyumbani kwetu alisimuliwa kila sikukuu. Babu alipoisikia sentensi alivaa kofia akaondoka kabla ya kahawa. Asiyejua kwetu hataelewa uzito wake. Mtu wa hapa anaweza kugombana nawe kwa saa mbili, lakini kahawa atakunywa.

Wiki moja baadaye kamati ya makumbusho ilipata barua isiyo na jina. "Bibi huyo afunge mdomo au afunge virago. Watu wetu hawakufia kosa." Mwenyekiti akamwambia Metha achague, sentensi au kazi. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na makumbusho ndiyo yaliyomlisha. Akajibu, "Mkitaka kuifuta hiyo, nifuteni na mimi. Sitawadanganya watu juu ya makaburi." Kamati ikapiga kura, wanne wakamtetea na watatu wakampinga.

Hakuifuta. Lakini tangu wiki hiyo, baada ya sentensi, aliwapeleka wageni Boma la Nne, akavua glavu, akataja jina moja: "Jes Lorenzen, seremala, miaka ishirini na minne. Yeye hakuvunja ahadi yoyote." Aprili iliyofuata nilimshawishi babu arudi. Alisikia sentensi, akasikia jina, akasimama pale kwenye upepo machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kisha akamwuliza Metha, "Mwanangu, ile keki ya mkate mweusi bado ipo?" Alikaa mezani mpaka vikombe vinakusanywa. Kabla ya Krismasi alikuwa amefariki.

Jumapili iliyopita, katika ziara yake ya mwisho, Metha alikatisha maelezo katikati ya kilima akanigeukia.

"Jes, malizia wewe."

"Mimi fundi mbao, Metha. Sijui kusema mbele za watu."

"Umeisikia mara elfu ngapi, ukijifanya unapiga misumari? Sema, bwana, watu wanapigwa na baridi."

Nikasema. Nilipofika kwenye "sisi" ilinibidi nianze upya. Kisha nikataja jina lile, ambalo ndilo langu.

Metha, barua ya 1989 niliandika mimi. Niliiandika nyuma ya karatasi ya kalenda ya kampuni ya chakula cha nguruwe, na kalenda hiyo ilikuwa moja tu hapa, kwenye banda langu la zana. Ulipolitaja jina Boma la Nne mara ya kwanza ulinitazama mimi, nikajua kwamba umejua. Miaka thelathini na mitano hukunidai hata neno. Nisamehe. Na asante, kwa niaba ya babu, na ya yule seremala.

Sisi wenzako tunakuombea afya, asubuhi zisizo na mabasi, na wajukuu wasioitwa vitani na mtu yeyote. Sentensi itabaki, na jina litabaki. Leo tunakuomba jambo moja tu: usiondoke kabla ya kahawa.

Jes Lorenzen, fundi wa makumbusho