Walinzi wa Bi. Mwongeli

Bi. Mwongeli Musyimi anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Wafugaji wa Kuku wa Ikutha kwa miaka ishirini na minane. Mwandishi wa maneno haya, aliyekuwa karani wa ushirika kabla yeye mwenyewe hajastaafu, alizipata habari hizo kanisani wakati wa matangazo, akashindwa hata kuufuata wimbo uliofuata. Naomba mnisamehe iwapo mshtuko huo bado utaonekana humu.

Bi. Mwongeli aliajiriwa kuchanganya chakula cha kuku. Baadaye alipelekwa kusomea afya ya mifugo, akarudi akiwa afisa wetu wa nyanjani, akizunguka kwa pikipiki kutoka Ikutha hadi Kambu. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, aliibeba katika themosi yenye barafu. Siku moja askari wa barabarani alimwomba kikombe cha chai, akakasirika sana aliponyimwa.

Miaka hiyo kila mfugaji alitia antibiotiki katika maji ya kuku tangu kifaranga anapofika, awe mgonjwa au mzima. Tuliiita kinga, na hakuna aliyeona ubaya. Kisha ukaja mwaka ambao kuku wa Bw. Kiilu, mfugaji wetu hodari, waliharisha, wakapewa dawa ileile, wakaendelea kufa kana kwamba wamenyweshwa maji matupu. Daktari wa mifugo alipima, akatueleza kwamba vimelea vilikuwa vimeizoea dawa. Akaongeza kwa upole kwamba huenda mabaki yake yamo katika mayai tunayokula, na kwamba vimelea sugu vya namna hiyo vinaweza kuhamia kwa binadamu. Mwandishi alikuwa amekula mayai mawili asubuhi hiyo.

Katika mkutano uliofuata, alisimama Bi. Mwongeli. Kwa Kiswahili cha huku kwetu, kila kimelea kisichoonekana huitwa mdudu. Naye akasema bila kuzunguka kwamba anataka kuwanywesha vifaranga wadudu wazuri, walio hai. Akina mama wawili walijishika vifua. Mwenyekiti, Mzee Jonah Mwau, alivua miwani.

“Mwongeli, miaka yote tumenunua dawa ya kuua wadudu. Leo unatuambia tununue wadudu wenyewe?”

“Mzee, ukifika harusini ukute viti vyote vimekaliwa, utaketi wapi?” akajibu. “Hawa wakitangulia tumboni, wale wabaya watakosa kiti.”

Mzee Jonah alisema yeye hajawahi kukosa kiti harusini, na watu wakacheka. Uamuzi, hata hivyo, haukuwa wa mzaha. Bi. Mwongeli alipewa banda moja tu, lile la Bw. Kiilu, pamoja na sharti la Mzee Jonah lililomshtua kila aliyekuwapo: “Wakifa, na wewe utaenda nao.” Wakati huo alikuwa akisomesha watoto watatu peke yake kwa mshahara wa ushirika.

Juma la kwanza halijaisha, vifaranga wakaanza kuharisha. Alipofika kwa Bw. Kiilu, alikuta jikoni sufuria kubwa ikitokota. Bw. Kiilu ni mtu msafi, na kama sisi sote alifundishwa shuleni kwamba maji yenye wadudu huchemshwa. Basi kila asubuhi alitia wale wadudu wazuri, ambao huuzwa kama unga, katika maji, akayachemsha vizuri, akayapoza, ndipo akawapa kuku. Alikuwa amewaua wadudu wale wote kwa nia njema. Bi. Mwongeli aliketi juu ya gunia la chakula akacheka mpaka akatokwa na machozi, au labda alikuwa akilia, Bw. Kiilu mpaka leo hana hakika.

Tangu siku hiyo hakulitamka tena neno wadudu. Aliwaita walinzi, na mlinzi hachemshwi. Vifaranga wagonjwa walitengwa wakatibiwa na daktari kwa dawa nyingine. Wazima wakapewa walinzi walio hai na maranda makavu ya kulalia. Alisisitiza, na bado anasisitiza, kwamba walinzi hawatibu wala hawachukui nafasi ya chanjo. Kundi lile lilikua, likataga. Bw. Muktar, mwenye hoteli pale Kambu, aliyekuwa ameyakataa mayai yetu kwa kuogopa mabaki ya dawa, alirudi kuyachukua. Sasa antibiotiki hutolewa kwa kuku mgonjwa tu, daktari akiagiza. Na mwanachama akilalamika dukani kwamba ameishiwa na walinzi, wageni humpa pole wakidhani ameibiwa.

Niwieni radhi kwa neno moja la binafsi. Tangu mke wangu alipofariki, Bi. Mwongeli huniletea mayai baada ya ibada, nami huyala bila hofu.

Bi. Mwongeli, asante kwa subira uliyokuwa nayo kwa watu waliokushtukia. Mungu akujalie afya na utulivu huko Kyuso kwa binti yako, na pikipiki ipumzike. Mzee Jonah, ambaye siku hizi hasikii vyema, ameniomba niandike kwamba lile sharti lake limefutwa. Nilimwambia kwa heshima kwamba si lazima. Unaondoka peke yako, kuku wamebaki.