Vuai Yuko Mtoni

Benchi letu liko kwenye ua wa kanisa, Broadway, Stratford, likitazama barabara lipitapo basi namba ishirini na tano. Ubao wake mmoja umevunjika upande wa kushoto, na upande huo hukaa mgeni tu, kwa kuwa hajui. Mzee Shaame alilichagua mwenyewe alipostaafu udereva wa basi hilohilo, na kila alasiri isiyo na theluji huja na chupa ya kahawa ya tangawizi na vikombe vidogo visivyo na mkono, kavifunga kwa taulo visigongane. Tunamwita Ishirini na Tano. Anayefuatia ni Mansukh, aliyekuwa na duka la vitambaa Dar es Salaam, kisha duka la magazeti Forest Gate. Huyo ni Waziri wa Hali ya Hewa, kwa sababu kila siku hutabiri mvua na kwa London hakosei. Wa tatu ni mjomba wangu Philemon, anayesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, kwa hiyo ni Daktari. Mimi hupita nikitoka kazini maktaba, nakaa ukingoni, napewa kikombe. Sina jina la kijiweni.

Jumanne ile ya Februari sote tulikuwa tunajua jambo, isipokuwa mwenye chupa. Kaka yake, Vuai, alikuwa amefariki huko Mildura, mji wa Australia ulio kando ya mto, wenye jua na mashamba ya zabibu. Walikuwa wameshamzika. Mize, binti wa Vuai, hakumpigia baba yake mdogo, alimpigia Mansukh. Kwao Unguja mtu aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu, akiwa peke yake na kuta zake. Huambiwa njoo, watu wana hamu nawe. Akifika hukalishwa, hupewa maji, mkono mmoja ukiwa begani mwake, ndipo husemwa. Na Mzee Shaame ana moyo uliotiwa betri, na fleti yake iko ghorofa ya saba. Basi Mize alikata tiketi akaiita likizo, ile likizo ambayo Vuai alikuwa akimwalikia kila mwaka na kila mwaka ikaahirishwa. Binti wa Mzee Shaame mwenyewe, anayekaa Leicester, angesafiri naye Alhamisi. Kazi yetu ilikuwa moja: kumfikisha Alhamisi akiwa bado anakwenda kutembea.

Mzee Shaame alikuja amevaa kofia pana ya majani, yenye kamba ya kufungia kidevuni, aliyoinunua sokoni Tottenham. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Wanafunzi waliokuwa wakipita walimtazama wakacheka, naye akawapungia mkono.

— Mwanionaje, yakhe? Nishafika au bado?

Mjomba alimwambia amebakiza ng'ombe tu awe mkulima wa kizungu. Mansukh alimgeuza kushoto na kulia kama anayempimia suti, akasema kofia ni ndogo. Jua la Mildura si la kuchezea. Lile jua, alisema, huzunguka upande wa kaskazini, si kama letu, kwa hiyo mtu mgeni huungua upande asioutarajia. Bukta je, ipo? Maana alikuwa amempa bukta ya kuogelea, mpya, ya rangi ya samawati, zawadi ya safari.

Mzee Shaame alisema ipo, akaanza kumimina.

— Mimi kinachonishughulisha ni simu, — alisema alipofika kikombe cha tatu. — Mize hupiga yeye. Nikimwambia nipe baba, husema katoka. Jana kenda mtoni. Juzi kenda mtoni. Huo mto una nini?

Nilitazama viatu vyangu. Mansukh akakohoa.

— Ni kiangazi kule, Shaame. Joto la digrii arobaini. Sasa mzee akae ndani afanye nini? Anashinda mtoni.

— Hata usiku?

— Usiku wetu ndio mchana wao, — mjomba alidakia, na hapo kwa mara hiyo moja alisema kweli, kwa sababu saa zao zimetangulia zetu kwa nusu siku kasoro kidogo. Lakini hakuishia hapo. Alisema mwili wa binadamu ukikaa sana upande ule wa dunia, damu hubadili mzunguko, na mtu hulala mchana akaamka usiku bila kuwa mgonjwa. Amewaona wagonjwa wa Kiaustralia hospitalini. Unawasukuma kwenda eksirei saa nne asubuhi, wanakoroma.

Mzee Shaame alicheka kidogo. Akauliza kama mtoni simu za mkononi hazishiki.

Mansukh alisema hazishiki. Alipoona jibu limekuwa fupi mno akaliongezea. Kule watu hukodi nyumba zinazoelea, boti zenye vitanda na jiko, wakateremka na maji wiki nzima. Hilo nalo ni kweli. Niliona picha zake. Kisha akasema mto wenyewe una chuma chini, chuma kitupu, ndiyo maana simu hufa. Mjomba akasema si chuma, ni mamba. Serikali imekataza simu zisilie karibu na maji kwa sababu mlio wake huwaamsha. Mto Murray, huo wa Mildura, hauna mamba. Nilikuwa nimeangalia. Nilifungua mdomo, mjomba akanikanyaga kidole cha mguu, nikanywa kahawa.

— Mamba, — alisema Mzee Shaame polepole. — Na Vuai haogopi?

— Vuai kapewa kazi, — alisema Mansukh.

— Kazi? Mtu wa umri ule?

— Kazi ya heshima. Wazee wa mji hupewa boti na serikali wailinde mipaka ya machungwa. Kasuku wa kule ni weupe, wakubwa kama bata, wanakula machungwa kwa kundi. Sasa mzee anakaa kwenye boti na kengele. Wakija, anapiga.

Mjomba alisema hao kasuku wanajua hata kuongea, na kama Mzee Shaame akipiga simu nyumbani akasikia sauti ngeni, asishangae, huenda ni mmoja wao kapokea.

Tulicheka. Mzee Shaame naye alicheka, kofia yake ikatikisika. Mjomba na Mansukh hawakuwa wakimtazama usoni. Kila mmoja alikuwa akimsemesha mwenzake, haraka haraka, kama watu wawili wanaobeba kabati ngazini na kila mmoja anaogopa mwenzake ataachia.

Vuai nilimjua kwa hadithi tu. Baada ya mapinduzi ndugu hawa wawili waliondoka Unguja kwa njia mbili: mdogo alifuata shangazi yao London, mkubwa akaajiriwa melini, akazunguka bandari za watu, mpaka siku moja akashuka Melbourne asirudi tena kwenye meli. Alikwenda kuchuma zabibu msimu mmoja, akabaki maisha. Walionana mara moja tu tangu hapo, mama yao alipofariki. Yaliyobaki yalikuwa simu. Kila Ijumaa Vuai alipiga, na hakuanza kwa salamu. Alianza kwa kuuliza, "Mvua ishakata?" Mzee Shaame angemjibu matusi ya kindugu, ndipo wangesalimiana.

Mgeni alikuja wakati chupa imebaki robo. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya zambarau ya wale wanaohudumia wazee majumbani, koti juu yake, na miguu iliyochoka. Alisikia Kiswahili akasimama. Akasema anaitwa Valeria, kwao Bukoba, basi lake limekatishwa, je, anaweza kukaa? Akakaa kwenye ubao uliovunjika, ukambana, tukamsogezea. Mzee Shaame alimpa kikombe.

Alimuuliza kwa adabu kuhusu kofia. Basi akaelezwa yote tena: likizo, jua, mto, boti, kasuku. Mansukh alisimulia kwa mikono miwili. Valeria alisikiliza akitabasamu, akipasha vidole kwenye kikombe. Kisha akamgeukia Mzee Shaame.

— Raha iliyoje, mzee wangu. Na kaka mwenyewe anasemaje?

Basi namba ishirini na tano lilisimama, likashusha watu, likaondoka. Mansukh alikuwa ameacha mkono mmoja hewani, ule aliokuwa akipigia kengele. Mjomba aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Valeria alitutazama mmoja mmoja. Kazi yake ni ya kuingia nyumba za watu. Nadhani alielewa kabla hajamaliza kututazama. Akaweka kikombe chini.

— Hajasema kitu, mwanangu, — alisema Mzee Shaame. — Ijumaa mbili sasa sijaulizwa mvua.

— Shaame, — Mansukh alianza. — Sikiliza. Mize alini...

— Usiseme.

Hakupaza sauti. Aliivua ile kofia pana, akaiweka magotini. Kutoka mfuko wa ndani wa koti akatoa kofia yake ya kiua, ile ya kitambaa cheupe iliyoshonwa kwa mkono, akaivaa, akairekebisha kwa vidole viwili.

— Mama alipokufa, mimi ndiye niliyempigia Vuai kutoka Unguja. Nilimwambia njoo, mama ana hamu nawe. Alipotaka kusema naye, nikamwambia amelala. Kapiga tena, nikamwambia yupo uani anachambua mchele. Nilimtajia mpaka sahani aliyochambulia. Maneno haya nayajua. Mize kayapata kwa baba yake, na baba yake kwangu.

Mjomba alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba hatukutaka kumdhihaki.

— Najua. Mungu awalipe. — Akamgeukia Mansukh. — Bukta yako, Waziri, imo kabatini kwangu. Uichukue. Sandukuni nimetia kanzu, msahafu, na udi wa kumpelekea Mize. Lakini hukuniambia, na mimi sikuuliza. Tumefahamiana? Yule mtoto kayabana machozi yake akinisubiri. Nikifika nishajua, nani atamfungulia mlango wa kilio? Mwacheni anikalishe. Mwacheni anipe maji.

Mansukh alitikisa kichwa kukubali. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa, akaivua tena.

Valeria alisema pole, kwa sauti ndogo, akasema hakujua. Mzee Shaame akamwambia hana kosa, hajafanya ila kuuliza hali ya mtu. Akainamisha chupa juu ya kikombe chake. Ilitoa kidogo, kisha matone.

— Haya, — alisema. — Mpaka Alhamisi bado yuko mtoni. Endelea, Waziri. Ulifika kwenye kengele.

Mansukh alijaribu. Alisema kasuku, akasita. Akasema machungwa. Mkono ulipanda kidogo ukashuka, na mwishowe akautia mfukoni. Mjomba alianza kusema kitu kuhusu mamba, naye akakiacha njiani. Barabarani taa ziligeuka kijani, watu wakavuka na mifuko yao ya madukani.

Ndipo Mzee Shaame akanigeukia mimi. Sikuwa nimesema neno alasiri nzima.

— Wewe ndiye msomi hapa. Hawa wawili waongo, hata ramani hawajaona. Lile jua kali, na mtu mzima kushinda majini. Hiyo boti ina kivuli?

Nilijua urefu wa mto ule na mahali unapoingia baharini. Nilijua mvua ya Mildura kwa mwaka, ambayo ni ndogo sana. Nilijua kwamba aliyeulizwa habari zake hayuko majini wala juani.

— Ina, babu, — nilisema. — Ina turubai jeupe, kutoka mbele mpaka nyuma.

— Na upepo?

— Jioni upo. Unatoka upande wa machungwa.

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuvifunga vikombe kwenye taulo, kimoja kimoja, visigongane.