Kamba ya Kapteni Pell

Benchi letu liko nje ya maktaba ya mji, upande wa ziwani, na upepo wa Oktoba hapo hauna adabu. Tunakutana saa tatu asubuhi, mlango ukifunguliwa. Mimi naleta chupa ya kahawa, wenzangu wanaleta midomo. Yupo Breki, aliyeendesha gari la kusukuma theluji miaka thelathini na kugonga masanduku ya barua ya nusu ya mji. Yupo Satelaiti, aliyekuwa akifunga madishi ya televisheni juu ya mapaa, na tangu hapo anajiona jirani wa nyota. Na yupo mama Verna, tunayemwita Jaji, karani mstaafu wa mahakama na mjane wa Harlan. Ugomvi wetu ni mmoja tu: Kapteni Pell, shujaa wa riwaya, mvusha magendo wa angani, mwongo, mzuri wa sura, vitabu tisa. Cha kumi tumekingoja miaka kumi na miwili, na mwandishi kanyamaza kama aliyemeza kufuli. Nimechoka, nasema mapema.

JAJI: Narudia kwa mara ya mwisho. Mtu ameahidi kupeleka dawa kwenye kituo ambako binti yake mwenyewe anaumwa. Polisi wa angani wanamkaribia. Anafungua mlango wa meli, anamwaga masanduku yote nje. Halafu kitabu cha tisa kinaisha. Kwa nini kayamwaga?

BREKI: Woga tu, mama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

SATELAITI: Angani hakuna sauti, wewe. Atalisikiaje hilo la mkuu?

BREKI: Ndiyo maana hakusikia. Si nimesema?

SATELAITI: Kaa kimya ufundishwe. Masanduku yalikuwa matupu. Matupu tangu kitabu cha nne, alipolala kwa yule mwanamke wa kituo cha mafuta. Kule ndiko dawa zilikobaki.

JAJI: Kwa hiyo vitabu vitano vizima kabeba hewa.

SATELAITI: Hewa ni mali, Jaji. Kule juu hakuna.

Hapo nikawamiminia kahawa, angalau wanywe wanyamaze. Wapi.

BREKI: Mimi naona aliyefungua mlango ni meli yenyewe. Ina wivu. Kila Pell akimtaja binti yake, injini inakohoa. Nenda kasome.

SATELAITI: Meli ina wivu!

BREKI: Gari langu la theluji lilikuwa na wivu. Nilipooa, likakataa kuwaka wiki nzima.

SATELAITI: Basi nikupe kubwa zaidi. Pell wa kitabu cha tisa siye Pell. Yule halisi alikufa kwenye cha sita, na huyu ni polisi kavaa koti lake. Anajifukuza mwenyewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

JAJI: Mvungu uko wapi angani, Satelaiti?

SATELAITI: Ndiyo siri yenyewe.

Jaji akavua miwani, akaifuta kwa skafu. Akifuta miwani, najua atamtaja Harlan.

JAJI: Harlan alishawaambia. Ukurasa mmoja kabla ya mlango kufunguliwa, Pell anamwomba rubani kamba. Kamba ndefu. Baada ya hapo hakuna anayeitaja tena. Babu yake Harlan alivusha wiski kutoka Kanada kwenye ziwa hilihili. Walinzi wakija, anaishusha majini, imefungwa kamba chini ya mashua. Wanapekua, wanakuta samaki, wanamtakia usiku mwema. Pell kayafunga masanduku kwa kamba nje ya meli; hakumtupa mtoto wake.

SATELAITI: Marehemu alikuwa mtu mwema, lakini angani si ziwani.

JAJI: Alilisema hilo akiwa hospitali, na kitabu kifuani. Alitaka kujua kama yuko sahihi. Hakukiona cha kumi. Nami nakisoma cha tisa kila mwezi, nikidhani labda nimeruka mstari.

Breki akamkatia nusu ya donati yake, na Breki si mtu wa kukata donati.

Sasa mjue desturi yetu. Zamani Breki aliazima kitabu cha tatu, akakaa nacho msimu mzima wa theluji, kikarudi kinanuka haradali. Tukapatana: vitabu vya Pell havitoki. Kila mtu anasomea ndani, dirishani, kisha anavirudisha mwenyewe rafuni. Ukimaliza, unachora alama yako kwa penseli, ukurasa wa thelathini. Cha tisa, kinachogombaniwa zaidi, tunakificha nyuma ya vitabu vya mapishi. Tulijiona werevu sana.

Mlango ukafunguka. Akatoka Corinne, mkutubi mpya, wiki ya pili kazini, anasukuma kigari. Juu yake vitabu tisa, na naijua ile migongo ya bluu.

CORINNE: Samahanini, wazee wangu. Lori la karatasi chakavu linakuja saa tano. Kitabu kikikaa miaka mitano bila kuazimwa, kinaondoka. Hivi kompyuta inasema havijaguswa miaka sita. Hiki kimoja nimekikuta nyuma ya supu.

BREKI: Havijaguswa?

CORINNE: Ndivyo inavyosema. Lakini nimefungua ukurasa wa thelathini. Gari, dishi, mizani, kikombe, samaki. Kwenye vyote tisa, na vingine vimechorwa mara nyingi hata karatasi imechakaa. Nikawasikia dirishani mnavyogombana, nikaelewa. Sasa naomba kuuliza tu: mbona hamkuviazima?

Breki akatazama viatu. Satelaiti, mwenye jibu la kila kitu hadi nje ya mwezi, akatazama ziwa. Mimi nikainamisha chupa juu ya kikombe changu, yakatoka matone mawili na machicha. Niliona aibu, nayo ilikuwa aibu ya kweli. Miaka sita tumemlinda Pell asichukuliwe na mtu, na kwa kumlinda hivyo tumemfutia jina.

Jaji akainuka, akishika mgongo wa benchi.

JAJI: Samaki ni wa mume wangu.

CORINNE: Sikujua, mama.

JAJI: Utajuaje? Hatukuandika popote. Kadi inaruhusu vitabu vingapi?

CORINNE: Kumi kwa mara moja.

JAJI: Niandikie kadi. Nachukua vyote tisa.

BREKI: Na sisi je, Jaji?

JAJI: Wiki tatu mtasomea jikoni kwangu. Mikono mnanawa. Kisha unaazima wewe, kisha Satelaiti, kila mmoja kwa jina lake, mpaka kompyuta ituchoke.

Jaji alipotoka ndani na mfuko wa vitabu umemlemea bega, Satelaiti akaupokea bila kuombwa. Wakashuka ngazi pamoja, taratibu, sisi tukiwafuata.

SATELAITI: Jaji. Hiyo kamba iko ukurasa wa ngapi?

JAJI: Mia mbili na kumi na mbili.

SATELAITI: Basi leo nianzie hapo.