Mama Ian Aliyepunguza Kelele za Rauta

Tarehe thelathini na moja Agosti Mama Ian anastaafu. Kalondu Mutinda ndio jina lake la payslip. Miaka kumi na tisa ameshughulikia rauta za ofisi yetu ya intaneti, Kibera mpaka Kawangware 46. Ofisi imesema niandike mimi juu mimi ndio nimechimba mitaro yake yote ya waya. Shule sikuenda mbali. Nitasema venye najua.

Alianza na ngazi moja na koti ya mvua ya babake. Akipanda paa Kisumu Ndogo, hapo Kibera, kina mama wa omena wanamshikia ngazi, wanamuuliza kama huko juu ameona mabwana zao. Anawaambia amewaona wote, wako baa.

Mwaka wa 2014 laini ya Kawangware ikaanza kukwama. Kila nusu dakika. Meneja, Lazarus, akasema ni waya yangu, nimezika vibaya. Nikafukua. Waya iko sawa. Nikafukua tena. Mwezi huo nilikuwa nimemzika mke wangu Mideva, watoto watatu wako kwa nyumba. Lazarus akasema Ijumaa nirudishe jembe, niende.

Mama Ian hakubishana. Alikaa na kompyuta siku mbili, chai inapoa hapo kando. Alhamisi akaniita, akanieleza. Rauta hutangaziana njia, zote kwa zote, kila nusu dakika. Zetu zilikuwa zinatangaza kwa vifurushi vidogo sana vya data, so vilikuwa vingi, vinajaza laini, kazi ya watu haipiti. Nikamwambia hio ni kubeba mchanga na kikombe na wilbaro iko. Akacheka. Akaongeza ukubwa wa kifurushi, matangazo yakapungua, laini ikafunguka hapo hapo.

Halafu akasimama mbele ya ofisi yote. Akasema hio saizi ndogo aliiweka yeye mwenyewe, wakati rauta zilikuwa nne. Sasa zilikuwa sitini, na alisahau. Angenyamaza hakuna mtu angejua. Ningeenda.

Akachukua koleo, tukafukia mtaro pamoja. Lazarus akatuangalia, mwishowe akaingia mtaroni kutusaidia, na viatu zake za ofisi.

Sasa anaenda kwao Machakos. Amesema anataka maji ifike jikoni. Mama Ian, mtaro wa hio paipu usitafutie mtu. Nitakuja na jembe, ile sikurudisha Ijumaa. Asante sana. Kaa salama huko, na upumzike.

Nyongesa, mtu wa mkono