Fundi Aliyeuliza Nani Anaishika

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, wazee, ndugu na majirani, mimi ni Placidi, mtoto wa kwanza, familia imenituma nimsemee baba.

Marehemu Valence Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Februari 1957 hapa Mapera, akasoma hapahapa hadi darasa la saba mwaka 1971, akajifunza ufundi Kigonsera, na kuanzia mwaka 1976 akatengeneza mashine za kumenyea kahawa, akizunguka kwa miguu na begi la spana, na mnakumbuka hakula kwa mtu kabla mashine haijaoshwa, akiambiwa, "Fundi, ugali unapoa," anajibu, "Uache upoe, mama, maganda yakilala humu kahawa ya kesho itanuka."

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Yuliana Kapinga, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Kalista na Alphonce.

Mwaka 2022 mapigo ya moyo wake yalianza kwenda ovyo, tukampeleka hospitali Dar es Salaam, madaktari wakaeleza kwamba waya mwembamba utapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni ili kuyarekebisha, ukiongozwa na mkono wa roboti. Mimi, nikitaka kumtoa hofu, nilimwambia mashine inafanya yenyewe, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu baba alijua kila mashine hukwama, akakataa, tukarudi nyumbani, na kwa miezi mitatu mama alimwona akiishiwa pumzi hata kwa kufunga viatu.

Mama alimsihi, tukaenda tena, na baba akamuuliza Daktari Benadetha, ambaye ndiye angeiendesha roboti hiyo, swali moja tu, "Ikikwama, nani anaishika?" Daktari akaweka mkono wake kwenye kiganja cha baba, akasema, "Ni mimi, baba, haiendi popote bila mkono huu." Baba akaugeuzageuza kama anayekagua spana, akasema, "Basi sawa, ila mkimaliza muioshe."

Akatibiwa siku hiyo, tarehe 17 Januari 2023, moyo ukatulia, na Mungu akatupa misimu miwili mizima ya kahawa pamoja naye, na mwanzo wa huu wa tatu, hadi homa ya mapafu ilipomchukua tarehe 11 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, wanajumuiya, na ninyi majirani mlioacha kahawa mbivu mitini mkaja kukaa nasi.

Baba, jana jioni Alphonce aliiosha mashine yetu ya kahawa, hakuna ganda lililolala humo. Pumzika kwa amani.